Kandanda na Kiswahili Mjini Bujumbura

Bujumbura, zamani ikiitwa Usumbura, ilianza kama kambi ya askari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19. Askari na wapagazi walikuja na Kiswahili, nacho kikapata makao Buyenzi. Chama cha kandanda kiliundwa mwaka 1948, wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1992 Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika: ilitoka sare 1–1 na Africa Sports hapa nyumbani, ikafungwa 4–0 Abidjan. Oktoba 1993 vita vikazuka, mji ukagawanyika kikabila. Buyenzi ikabaki na Wahutu na Watutsi pamoja. Walioishuhudia fainali ile wangalipo mitaani. Tuwaulize, tuandike, kwa Kiswahili chao, kabla kumbukumbu haijapotea.