Saab lililobiringishwa matopeni

Mbio za magari za Safari Rally zilipotimiza miaka 70 mwaka 2023, shangwe zote zilikuwa Nairobi na Naivasha. Sisi wa Mombasa tulizitazama kwenye televisheni. Mimi nilikuwa Liwatoni, mbele yangu maji ya Kilindini na Likoni ng'ambo, nikaona uchungu. Bandari hii ndiyo iliyopokea magari mengi yaliyoletwa kwa meli kuja kushindana, na jina la mji wetu halikutajwa.

Mbio zilianza 1953, zikiitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, zikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 zikawa East African Safari. Zikazoeleka kufanyika wakati wa Pasaka, masika yanapochacha, na hapo ndipo milima ilipopata nguvu ya kuwachuja madereva. Barabara za Taita zinazojikunja kuelekea Wundanyi, au ukuta wa Magara kule Mbulu, ni ngumu hata jua likiwaka. Mvua ikinyesha, udongo unakuwa kama sabuni. Magari yale yalisukumwa na magurudumu mawili tu. Mengine yaliwekewa vishikio na vikanyagio nyuma, ili mwelekezi wa dereva aruke nje, adandie na kurukaruka hapo, uzito wake uyakandamize matairi yashike ardhi. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, saba yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, na yaliyomaliza yakawa saba tena.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha 1964. Erik Carlsson wa Sweden na mwelekezi wake Gunnar Palm walikuwa na Saab 96, kigari chenye mgongo wa mviringo na injini ya silinda tatu isiyofika hata cc 850. Gari likazama kwenye shimo la tope. Kulisukuma haikuwezekana, kulivuta haikuwezekana. Carlsson, pande la mtu, akaamua walipindue. Wakalibiringisha ubavuni, likapita juu ya paa, likatua kwa magurudumu yake pakavu, wakawasha injini wakaondoka.

Walipolisimulia jambo hilo, waandishi wa habari hawakuamini. Wakabishana nao, wakawaambia gari halibiringishwi kama pipa. Carlsson hakuendelea na maneno: yeye na Palm wakalishika Saab lao mbele ya wabishi hao na kulipindua tena. Inasimuliwa kwamba watu wa timu ya Ford nao walijaribu ujanja huo kwa Cortina yao, ikabondeka vibaya. Mgongo wa Saab ulikuwa wa kubingirika. Cortina ilikuwa na pembe. Hata hivyo ushindi wa mwaka huo ulikwenda kwa Cortina, ya Peter Hughes, na Carlsson akawa wa pili.

Mwaka uliofuata akashinda mwenyeji, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi wa magari, na Volvo PV544 iliyokwisha tumika, ndugu yake Jaswant akiwa mwelekezi. Alishinda tena 1974 na 1976. Kwangu ushindi ule wa 1965 una uzito zaidi: fundi wa hapa, na gari ambalo wengine walishamaliza nalo, aliwashinda waliokuja na viwanda vyao.

Mwaka 2003, miaka 50 baada ya mbio za kwanza, ilianzishwa Safari Classic kwa ajili ya magari ya zamani, na hiyo imeikumbuka pwani. Mwaka 2011 Björn Waldegård, aliyekuwa ameshinda Safari yenyewe mara nne, alishinda Classic kwa Porsche 911 akiwa na miaka 68, mwelekezi wake akiwa mwanawe Mathias. Ningependa gari moja la Safari za zamani liwekwe kisiwani, karibu na bandari liliposhushwa, na vishikio vyake vya nyuma viachwe wazi, watoto wa Liwatoni wavishike.