Kimea cha Akina Mama wa Iringa

Siku hizi mama wa Nyololo, pale njia ya Igowole inapochepuka kutoka barabara kuu ya Mbeya, akiona mtoto hataki uji anauliza kwenye grupu la WhatsApp, na majibu yanamiminika. Tunayaona haya ni mambo mapya. Lakini kufundishana malezi kuna historia yake mkoani Iringa, na mimi naona imesimuliwa nusu.

Miaka ya 1980, UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia, walishirikiana na serikali kwenye mradi wa lishe ulioanza na vijiji 168 vya mkoa huu. Watoto walipimwa uzito kijijini, mbele ya watu. Kati ya 1984 na 1988 utapiamlo mkali ukashuka kutoka asilimia 6 hivi hadi chini ya 2. Dunia ikaja kujifunza. Mwongozo wa lishe wa UNICEF wa 1990 umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya uzoefu wa Iringa.

Nusu nyingine iko jikoni. Uji wa mahindi ukiwa mzito, mtoto hawezi kuumeza. Ukiuongezea maji anajaa tumbo tu, nguvu hapati. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe wakahimiza unga wa kimea: kijiko kimoja tu, uji mzito unalegea bila kuongezwa maji.

Sasa jiulize, kimea ni nini? Ni ulezi uliolowekwa, ukaota, ukaanikwa, ukasagwa. Mama yeyote aliyepika komoni alikijua vizuri sana, na alifundishwa na mama mwenzake. Kitaalamu kikaitwa uvumbuzi. Kwa wapika pombe kilikuwa kazi ya kila wiki.

Ila tusiwapambe akina mama halafu tukawaachia mzigo peke yao. Mtoto akiangukia eneo jekundu la kadi, kamati ya kijiji ilipaswa kuuliza: chakula kipo? Mama anapata saa ngapi ya kumlisha mtoto, na shamba linamsubiri? Hapo ndipo ujuzi wa mama ulipopata mkono wa kuushika. Grupu la simu linaweza kukupa kipimo cha kimea ndani ya dakika moja. Kukupunguzia jembe, hapana. Hiyo bado ni kazi ya kijiji, na ya baba.