Posta ya Zamani ilikuwa ya nani?

 Mfukoni hali si hali, bumu lenyewe mnalijua. Leo naomba niweke kando stori za chakula cha kafteria, maana kuna swali limenikosesha raha tangu juzi.

Nilimsindikiza mjini dogo mmoja wa mwaka wa kwanza, mgeni kabisa Dar. Tukashuka Posta ya Zamani, akaangalia bahari, akageuka akaniuliza: "Kaka, hii posta ya zamani ilikuwa ya nani?" Jamani, mimi nasomea ualimu, somo langu la kufundishia ni historia, na mazoezi ya kufundisha ndiyo hayo yanakuja. Nikabaki najikuna kichwa. Nikamwambia "ya Mjerumani", basi. Jibu la mtihani hilo, maksi moja. Nikarudi Mlimani nikaingia maktaba, na haya ndiyo niliyotoka nayo.

Mji wetu aliuanzisha Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860. Alipofariki mwaka 1870 mji ukapoa. Wakati huo ukiwa na barua unamtafuta mtu anayesafiri, iwe kwa jahazi au kwa miguu, unamkabidhi na unamwombea afike. Wenzetu Zanzibar walikuwa wametangulia: kulikuwa na ofisi ya posta iliyoendeshwa kutoka India tangu 1875, na waya wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari hadi Aden tangu 1879.

Sasa angalieni mwaka 1890. Serikali ya Ujerumani ilianza kutoa ruzuku kwa meli za kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie zije huku kutoka Hamburg. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo posta za Kijerumani zikafunguliwa Dar es Salaam na Bagamoyo. Waya wa baharini nao ukavutwa kutoka Zanzibar kuja Bagamoyo na Dar. Halafu 1891 ndipo Dar ikawa makao makuu, ikaipiku Bagamoyo. Bagamoyo ilikuwa na misafara na watu, ila pwani yake ina maji mafupi, meli kubwa inatia nanga mbali. Bandari yetu ina kina.

Hapo ndipo nilipostuka. Mimi nilidhani mji ukikua ndipo unaletewa posta. Kumbe kwetu vilitangulia meli, posta na waya, makao makuu yakafuata. Mtawala alitaka kwanza ahakikishe amri ya Berlin inamfikia na ripoti yake inarudi.

Hata stempu zinasema. Mwanzoni walitumia stempu za kwao Ujerumani kama zilivyo. Lakini watu wa huku walikuwa na rupia na pesa, rupia moja ni pesa 64, kwa hiyo mwaka 1893 wakazipiga chapa upya kwa thamani ya pesa. Mwaka 1896 wakaongeza jina la koloni, na baadaye zikaja zenye picha ya yati ya Kaiza. Kisha pesa ikaondolewa, rupia ikawa heller 100. Barua za bara zilikwenda kwa miguu ya matarishi, mpaka reli ilipofika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914.

Msinielewe vibaya, Mjerumani hakutufundisha kuandika barua. Mwaka 1892 mtu anaitwa Büttner alichapisha kule Berlin mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, barua zikiwemo. Watu wa pwani walikuwa wanaandikiana zamani. Kilicholetwa ni stempu, muhuri, ratiba, na mtu wa kukaa dirishani.

Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza wakaingia Dar. Bendera ikabadilika, stempu zikabadilika, posta ikabaki kuwa posta. Leo makao makuu ni Dodoma, uamuzi wa kuhamia huko ulitoka mwaka 1973, lakini Dar ukisema "naenda Posta" hakuna anayekuuliza unatuma nini. Unaenda mjini, basi.

Kitu cha mwisho. Bibi yangu aliwahi kuniambia barua za babu alipokuwa kibaruani Dar zilipitia S.L.P. ya shule ya msingi, maana kijiji kizima hakikuwa na sanduku jingine. Mwalimu mkuu alikuwa anazichukua mjini kwa baiskeli, na asiyejua kusoma alisomewa palepale chini ya mwembe. Bibi alisomewa mambo yake yote ya ndoa na mwalimu! Alicheka sana akinisimulia, ila alisema zilikuwepo wiki ambazo asingelala bila barua ile.

Kwa hiyo dogo, jibu langu ni hili: ilifunguliwa kwa ajili ya gavana na wafanyabiashara wa kwao, na ikachukua miaka mingi na baiskeli nyingi za walimu mpaka ikawa ya bibi yangu. Nikifika shuleni, somo la kwanza nitawauliza kidato cha pili swali lako wewe.

Na nyie wadau, barua za kwenu zilipitia S.L.P. ya nani? Waulizeni wazee wangali wapo. Alamsiki.