Picha Katika Kiganja: Swali la Kutaka na Kutazama Katika Njia ya Unyanyembe

Kaskazini ya mji wa Tabora ipo Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, katika nchi ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliifahamu kwa jina la Unyanyembe. Mswahili alisikiapo jina hilo hukumbuka mara moja kitenzi cha kusikiza. Lakini kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili ya neno, na jambo hilo wenye kuijua Kinyamwezi ndio wapaswao kulikata. Neno linalochunguzwa hapa ni jingine, nalo ni kutaka. Tangu mwaka wa 2005, hivi, wenye viwanda na wenye elimu ya mawasiliano wamekuwa wakiulizana kama ni kweli kwamba watu wanataka kutazama picha za video katika chombo kidogo cha kutiwa mfukoni. Swali hili laonekana geni, kumbe katika njia ya Unyanyembe ni la zamani sana, ila zamani liliulizwa juu ya bidhaa nyingine.

Burton na Speke walipofika Kazeh, mahali pa Tabora ya leo, katika mwezi wa Novemba 1857, walikuta biashara iliyotegemea ujuzi wa kutaka kwa watu. Shanga zilizopelekwa bara zilikuwa za namna nyingi mno. Burton mwenyewe alitaja hesabu ya namna 400 hivi. Samesame nyekundu zilipendwa hapa, kwingine zikakataliwa. Nguo ya merikani ilipokewa katika nchi hii, kaniki ikapokewa katika nchi ile. Tajiri aliyekaa Unguja akakisia kwa akili yake watu wa bara watapenda nini, aliweza kuona mizigo yake ikibebwa miezi mitatu mabegani mwa wapagazi, halafu isipate mnunuzi. Kutaka kwa watu hakukujulikana kwa kukisia, bali kwa kufika, kutandaza mali, na kuona mkono wa mnunuzi waelekea wapi. Kanuni hii yafaa kukumbukwa katika yote yafuatayo.

Historia ya picha ziendazo ilianza kwa mtazamaji mmoja mmoja. Tarehe 14 Aprili 1894 katika mji wa New York vilifunguliwa visanduku vya Edison, ambavyo mtu aliinama akachungulia katika tundu, akaona peke yake. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa Kifaransa, Lumière, walionyesha picha zao mjini Paris juu ya kitambaa kilichotazamwa na watu wengi pamoja. Kitambaa kikashinda kisanduku. Watu wengi walihukumu tangu hapo ya kwamba picha ni jambo la kundi, na kwamba kumrudisha mtazamaji kwenye tundu lake ni kurudi nyuma. Hukumu hiyo ilisimama karibu miaka 100.

Hapa Afrika Mashariki picha zilikuja kwa njia ya kundi pia. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937 kulikuwa na jaribio la sinema za mafunzo lililokuwa na makao yake Vugiri, katika nchi ya Tanga, chini ya Meja Notcutt na Bwana Latham. Filamu zilitengenezwa, zikapakiwa katika gari, zikazungushwa Tanganyika na nchi za jirani. Maneno hayakuwa ndani ya filamu yenyewe, bali katika sahani za santuri, yakasemwa kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadiri ya mahali. Baadaye wakuu wa filamu za serikali ya kikoloni walishika itikadi ya kwamba Mwafrika hawezi kufahamu picha iliyo nyepesi ya mwendo, kwa hiyo yapasa aonyeshwe mambo polepole na moja moja. Itikadi hiyo haikutokana na kumwuliza mtazamaji wala kumwangalia vema. Ilitokana na kukisia, kama alivyokisia tajiri wa Unguja juu ya shanga.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 zilitokea filamu za hadithi za Kiswahili, miongoni mwake *Muhogo Mchungu*, ambayo mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa. Bwana huyo alikuwa amesoma katika shule ya serikali ya Tabora, naye katika mwaka wa 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Yafaa kukumbuka kwamba mmoja wa nyota wa kwanza wa sinema ya Kiswahili alipita katika shule iliyo kando ya njia ya misafara.

Lakini chombo kilichoingia kila kijiji hakikuwa sinema, bali redio. Redio ndogo ya betri ilipopatikana, ilidhaniwa kwamba kila mtu angejitenga na chombo chake. Haikuwa hivyo. Redio ya mmoja ilisikilizwa na jirani zake wote, na serikali yenyewe iliitumia desturi hiyo: katika kampeni ya *Mtu ni Afya* ya mwaka wa 1973, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza. Chombo kilikuwa kidogo, wasikilizaji wakawa wengi. Hivyo udogo wa chombo na upweke wa mtumiaji ni mambo mawili mbalimbali, wala halilazimu moja kufuata jingine.

Televisheni ilichelewa. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka wa 1994. Katika muda huo wa kungoja, na hata baadaye, kanda za video zilijaza nafasi. Mtu mwenye jenereta, televisheni moja na mashine ya kanda alijenga kibanda, akaweka mabao ya kukalia, akatoza kiingilio. Watu wakakipa kibanda hicho jina la *kibanda umiza*. Jina hili lastahili kuangaliwa na mwana-lugha kuliko hesabu nyingi za wafanya biashara. Latangaza wazi kwamba mahali hapo panaumiza: pana joto, pana msongamano, bao ni gumu, na aliye nyuma hunyosha shingo. Hata hivyo waliolitunga jina ndio wale wale waliolipa na kurudi kesho yake. Basi anayesema kwamba watu hawatatazama picha katika kioo kidogo kwa sababu macho yataumia, hajalisikia jina hilo. Raha ya mwili haikuwa kipimo cha kutaka.

Ndani ya vibanda hivyo ilizaliwa kazi mpya ya lugha. Filamu zilikuwa za Kiingereza, Kihindi au Kichina. Watazamaji walitaka Kiswahili. Akasimama mfasiri, akaeleza kwa sauti yake yale yasemwayo, akawapa wachezaji majina ya mitaani, akaongeza mithali na mzaha. Mashuhuri katika Tanzania alikuwa yule aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilitiwa katika kanda zikauzwa mbali. Uganda nayo ina wafasiri wa namna hiyo, na Wajapani walikuwa na wasimulizi wao wa filamu zisizo na sauti mpaka miaka ya 1930. Sauti ya mfasiri ilipokwisha kutiwa ndani ya kanda, jambo kubwa lilitendeka: maneno ya kibandani yaliweza sasa kutoka kibandani.

Wakati huo huo ng'ambo swali la mfukoni lilikuwa limeshika moto. Mwezi wa Oktoba 2005 kampuni ya Apple ilitoa iPod ya kuonyesha video, yenye kioo cha inchi 2.5. Mwaka huo huo Korea ya Kusini ilianzisha matangazo ya televisheni ya kupokewa kwa simu, na Japani ikafuata katika mwezi wa Aprili 2006. Nchi za Ulaya zilipendekeziwa mtambo mmoja wa namna hiyo katika mwaka wa 2008, na Marekani ilikuwa nao wake, MediaFLO. Mtambo huu wa Marekani ulifungwa mwaka wa 2011, na ile ya Ulaya haikudumu. Wengi wakasema: jibu limepatikana, watu hawataki. Lakini jibu hilo lilichanganya mambo mawili. Kilichokataliwa kilikuwa ada ya kila mwezi kwa ajili ya vipindi vilivyochaguliwa na mwingine, kwa saa iliyopangwa na mwingine. Kutazama kwenyewe hakukuwa kumejaribiwa.

Katika Tanzania kulijaribiwa kwa njia nyingine. Mnamo mwisho wa muongo huo zilienea simu za bei nafuu, ambazo watu waliziita za Mchina, zenye kijiti cha antena cha kuvutwa, zikipokea televisheni ya analojia bila malipo mahali palipo na mtambo. Mitambo hiyo ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha mikoani, na antena zile zikawa hazina kazi. Tena tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizifungia simu zisizo halali zisitumike katika mitandao. Kama kutaka kungekuwa ni kwa ajili ya antena, kungalikufa nayo. Hakukufa, kwa sababu kulikuwa kumekwisha kupata njia nyingine, nayo ni kadi ya kumbukumbu. Mtu alipeleka kadi yake dukani penye kompyuta, akalipa kidogo, akajaziwa nyimbo na filamu, akaenda nazo kijijini pasipo umeme wala mtandao. Simu ilichajiwa kwa nguvu za jua au kwa mwenye duka. Kadi haikudai kifurushi. Katika nchi ya mashamba ya tumbaku na misitu ya mizinga ya nyuki, ambako nyumba ziko mbali mbali, kadi hiyo ndogo kuliko ukucha ilisafiri kama shanga zilivyosafiri: ikibebwa na mtu, ikibadilishwa kwa mkono, ikichaguliwa na aitakaye.

Ushahidi wa mwisho ni wa lugha. Watu hawakukiita chombo hiki simu ya mfukoni. Walikiita simu ya mkononi, au simu ya kiganjani. Mfuko huficha, kiganja huonyesha. Kitu kilicho kiganjani chaweza kunyoshewa jirani, na ndivyo vijana wafanyavyo, wawili watatu wakiinamia kioo kimoja. Neno *rununu* limependekezwa na wataalamu, wala halikuliondoa lile la watu. Katika jina hilo la kiganjani yaonekana jibu la swali: watu walitaka kutazama, na udogo wa chombo haukuwazuia, lakini walichotaka hakikuwa tundu la Edison, bali kibanda kinachobebeka.

Lakini lipo deni. Shanga za msafara hufukuliwa hata leo, na sahani za santuri hutunzwa katika makumbusho. Kadi ya kumbukumbu hupotea kwa kuanguka tu mchangani, au hufutwa ili ijazwe upya. Humo zimo sauti za wafasiri wa vibandani, yaani Kiswahili kilichosemwa bila kusahihishwa na mtu, chenye maneno ambayo kamusi hazijayapokea. Zamani wataalamu walikwenda vijijini kunakili tenzi na ngano kabla wazee hawajafa. Vyuo vyenye kazi ya kuchunguza Kiswahili vingefanya vema kwenda sasa Isikizya na mahali pengine kama hapo, kuomba kadi hizo na kunakili yaliyomo, maana waliozijaza hawakudhani kwamba walikuwa wakiweka hazina, na wanaozifuta hawajui wanachokifuta.