Bustani Zinazoning'inia za Babeli: Je, ziliwahi kuwepo kweli?

Katika Maajabu Saba ya Dunia ya Kale, moja tu ndilo limesimama hadi leo: Piramidi Kuu ya Misri. Mengine matano yalianguka au kuungua, ila miji yalipokuwa inajulikana. Linabaki moja ambalo hata mahali pake watu bado wanabishana: Bustani Zinazoning'inia za Babeli.

Nani alizijenga?

Simulizi maarufu inamtaja Mfalme Nebukadneza wa Pili, yule yule wa kitabu cha Danieli. Alitawala Babeli, katika Iraq ya leo, kuanzia mwaka 605 hadi 562 KK.

Kisa chenyewe ni cha mapenzi. Inasemekana mkewe, Amytis, alitoka Umedi, nchi ya milima, akawa anapakumbuka sana kwao. Babeli ni tambarare tupu. Basi mfalme akaamua kumjengea mlima wake, tena wenye miti.

Zilining'inia vipi?

Hazikufungwa kwa kamba. Waandishi wa Kigiriki wanaeleza jengo la ngazi ngazi, kila ngazi ikiwa na udongo wa kutosha kuotesha miti mikubwa. Ukitazama kwa mbali, unaona kama msitu uko hewani.

Ili maji yasivuje, yalitandikwa matete yenye lami, yakafuata matofali, kisha mabamba ya madini ya risasi. Maji yalipandishwa kutoka Mto Frati kwa mitambo ya parafujo.

Sasa tatizo liko wapi?

Nebukadneza aliacha maandishi mengi akijisifia kuta na majumba yake, lakini bustani hizo hazimo. Herodotus, aliyeielezea Babeli karne ya 5 KK, naye yuko kimya.

Mjerumani Robert Koldewey alichimba huko kuanzia 1899 hadi 1917, akaamini amezipata. Kumbe vibao vya udongo vilivyokutwa kwenye jengo hilo vilihusu mgao wa vyakula, yaani huenda lilikuwa stoo tu.

Au ni mji mwingine?

Mwaka 2013, mtafiti Stephanie Dalley wa Oxford alitoa kitabu akidai bustani zilikuwa Ninawi, karibu na Mosul, na aliyezijenga ni Mfalme Senakeribu, aliyetawala karibu miaka 100 kabla ya Nebukadneza. Senakeribu aliandika mwenyewe kuhusu bustani yake, na mabaki ya mfereji wake wa mawe bado yapo Jerwan. Hata hivyo, si wataalamu wote wanaokubali.

Kwa nini ni muhimu leo?

Mwaka 2016, wapiganaji wa IS walibomoa Lango la Mashki la Ninawi. Wakati wa kulikarabati mwaka 2022, wanaakiolojia walikuta hapo mawe yenye michoro ya enzi za Senakeribu. Babeli nayo iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2019.

Kama bustani hizo zilikuwepo, ushahidi wake uko chini ya udongo wa Iraq. Kila ukuta unaobomolewa unaweza kuondoka na jibu.