Zimwi Lilipomjua Ulysses: Picha Moja ya Turner

Wahenga wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii ilinijia siku nilipoikuta kitabuni picha ya J.M.W. Turner, "Ulysses Akimdhihaki Polyphemus". Mchoraji huyu Mwingereza, wa mkondo wa ulimbwende, aliionyesha London mwaka 1829.

Kisa ni cha Homer, katika Odyssey. Ulysses na wenzake wanaingia bila hodi pangoni mwa Polyphemus, jitu la jicho moja, wanakula jibini yake. Mwenyeji anarudi, anawala wageni sita. Ulysses anamlewesha, anamwambia jina lake ni Hakuna Mtu, halafu anamtoboa jicho kwa mti wa moto. Majirani wanauliza, nani anakuumiza? "Hakuna Mtu!" Basi, wakaenda zao.

Mpaka hapo ni ujanja mtupu, kama wa Sungura. Lakini Turner hakuchora hapo. Amechagua baadaye: merikebu inaondoka, Ulysses kasimama juu, mikono hewani, anatamba. Wenzake wanamsihi anyamaze, wapi! Anataja jina lake, la baba yake na kwao Ithaca. Ndipo Polyphemus anamwomba Poseidon, mungu wa bahari na baba yake mzazi: huyu akijaliwa kufika kwao, achelewe, na wenzake wote wapotee. Ikawa hivyo.

Sasa tuitazame picha. Ulysses nilimtafuta kwa kidole; mdogo kama sisimizi. Polyphemus naye sikumwona mara moja. Kumbe yuko juu kushoto, amejilaza mlimani, nusu mtu nusu wingu. Kulia jua linachomoza na farasi hafifu wa Apollo.

Wapo watakaosema Turner anasifu ushindi. Mimi nakataa. Angetaka kusifu, mshindi angekuwa mkubwa. Hapa mkubwa ni mwenye kisiwa, tena ameungana na nchi yake hata huwezi kumtenga nayo. Sisi tuliozoea kusaka maudhui kwenye maneno tu, tukumbuke kuwa fani nayo inasema: ukubwa na udogo wa umbo ni hoja.

Na methali je? Zimwi lilimjua Ulysses, na kweli halikummaliza, alifika kwao. Lakini wahenga hawakusema nani atalipa. Angalieni tena milingoti: imejaa mabaharia wanaohangaika na tanga. Hao hawakutamba, wala picha haitaji majina yao. Ndio waliolipa.