Jinsi ya kutengeneza kengele ya simtanki kwa Arduino: mwongozo kwa anayeanza

Unawasha pampu, unaingia ndani, unasahau. Ukija kukumbuka, maji yanamwagika uani na uniti za LUKU zimeenda bure. Tatizo hili ni mradi mzuri wa kwanza kwa anayejifunza elektroniki: kengele inayolia maji yanapokaribia kujaa.

Unahitaji nini?

- Bodi ya Arduino Uno na waya wake wa USB
- Kihisi cha HC-SR04 (mafundi wengi huita sensa)
- Taa ndogo ya LED na rezista ya ohm 220
- Buza ndogo ya volti 5, isiyozidi miliampia 20
- Bredibodi, yaani kibao cha kuunganishia bila kulehemu, na nyaya zake

Arduino ilianzia mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, ikilenga wanafunzi wasio na msingi wa elektroniki. Kwa hiyo usiogope, imetengenezwa kwa ajili ya watu kama wewe.

Huna kompyuta? Simu ya Android yenye uwezo wa OTG inaweza kutuma programu kwenye bodi kupitia app ya ArduinoDroid.

Kinavyofanya kazi

HC-SR04 hupima kwa mwangwi, kama popo. Hutoa sauti ya kilohezi 40, ambayo sikio la binadamu haliisikii, kisha husubiri irudi. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde, sawa na sentimita 0.0343 kwa kila maikrosekunde.

Hesabu yake ni hii: muda × 0.0343 ÷ 2. Tunagawa kwa 2 kwa sababu sauti imeenda na kurudi. Mwangwi ukichukua maikrosekunde 2,900, umbali ni karibu sentimita 50.

Kihisi kinakaa juu kikitazama chini. Kwa hiyo namba ikipungua, maji yanapanda. Hapo wengi huchanganya.

Hatua kwa hatua

1. Anza na LED peke yake. Mguu mrefu uende pini 12 kupitia rezista, mfupi GND. Ifanye iwake na kuzima. Ikikubali, ujue bodi na waya wa USB ni vizima.

2. Unganisha kihisi: VCC kwenye 5V, GND kwenye GND, Trig pini 9, Echo pini 10. Programu iwashe Trig kwa maikrosekunde 10, kisha ipime muda wa Echo kwa amri ya pulseIn.

3. Kiweke mezani kikitazama ukuta, upime kwa rula. Namba za kwenye skrini zikikaribiana na za rula, endelea. Zikipishana sana, usiongeze kitu kingine kabla ya kurekebisha.

4. Ongeza buza pini 8. Iambie programu: umbali ukiwa chini ya sentimita 35, washa taa na buza.

5. Jaribu kwa ndoo ya maji kabla ya kupanda kwenye tanki.

Usiunganishe vyote kwa mpigo. Kikigoma, hutajua kosa liko wapi.

Sifuri isikudanganye

Pini ya Echo isipotoa ishara kamili ndani ya muda wa kusubiri, pulseIn hutoa 0. Programu isiyojali itasoma 0 kama "tanki limejaa" na kupiga kelele bure. Lakini ukiiambia ipuuze 0 tu, waya ukikatika kengele itanyamaza na maji yatamwagika kama zamani. Kengele iliyokufa kimyakimya ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana umeshaacha kuchungulia.

Suluhisho: ikija 0 mara kadhaa mfululizo, taa iwake na kuzima haraka. Hiyo ni ishara ya hitilafu, sio ya tanki kujaa.

Kabla ya kufunga kwenye tanki

- HC-SR04 haivumilii unyevu. Kwa kazi ya kudumu tumia JSN-SR04T, ambayo jicho lake halipitishi maji. Hii haipimi vizuri vitu vilivyo karibu zaidi ya sentimita 25 hivi, ndiyo maana tumeweka kikomo cha 35.
- Weka kihisi mbali na ukuta wa tanki na bomba linaloingiza maji. Vyote hurudisha mwangwi wa uongo.
- Bodi ikae kwenye boksi la plastiki, sehemu kavu, ikitumia chaja ya simu ya volti 5. Pawabenki nyingi hujizima zenyewe kifaa kikitumia umeme kidogo.
- Ukitumia ESP32 badala ya Uno, usipeleke Echo moja kwa moja. Pini zake ni za volti 3.3, na Echo hutoa volti 5.

Vipi kuhusu kuzima pampu yenyewe?

Inawezekana, lakini hapo unagusa umeme wa volti 230 karibu na maji. Umeme huo unaua. Ukifika hatua hiyo, mwite fundi umeme mwenye leseni. Kwa sasa kengele ilie, na wewe uende kuzima swichi mwenyewe.